Bei na Thamani

Bei na thamani ni maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kama pacha, lakini hayakuzaliwa siku moja wala hayafi pamoja. Bei ya kitu hutajwa sokoni, nayo yaweza kupanda asubuhi ikashuka jioni. Thamani yake hukaa moyoni mwa mtu, na mara nyingi haimtoki mpaka kaburini. Taabu huanza siku ambayo mtu anazo zote mbili katika sanduku moja, naye hana budi kuchagua.

Mwaka 2023, nilipokuwa nikisomesha Kiswahili katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni, mtu mzima aliyenipita umri, alinijia na sanduku la namna hiyo. Baba yake alikuwa amefariki, akamwachia yeye na ndugu yake kadi za besiboli alizozikusanya utotoni. Kadi hizo ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji, ambavyo katika miaka ya 1950 watoto walivipata pamoja na ubani wa kutafuna kwa senti chache.

"Mwalimu," akaniambia, "ndugu yangu ana deni la hospitali, naye ataka tuziuze. Mkono wangu u mzito. Nifanyeje?"

Miongoni mwa kadi hizo ilikuwamo ya Hank Aaron ya mwaka 1954, mwaka alioanza kuichezea timu ya Milwaukee. Huyu ndiye aliyeipita rekodi ya Babe Ruth ya mipigo 714 mwaka 1974, huku akiletewa barua za vitisho na watu wasiotaka heshima ile imwangukie mtu mweusi. Nyuma ya kadi, kwa penseli na kwa mwandiko wa mtoto, yaliandikwa maneno machache: alimwona mchezaji huyo siku ile, na baba yake alikuwa pamoja naye. Mchuuzi mmoja alikuwa amemshauri rafiki yangu aipeleke kadi ipimwe daraja, lakini kwanza ayafute maneno yale kwa ufutio laini.

Kwanza tuitazame bei yenyewe. Kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya mwaka 1909 na 1911, iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, kwa kuwa zilizosalia ni chache mno. Kadi ya Mickey Mantle ya 1952 iliuzwa mwaka huo huo kwa dola milioni 12.6. Lakini kwa masimulizi ya mmoja wa watengenezaji wake, kadi za toleo hilo zilizododa ghalani zilipakiwa chomboni mwaka 1960, zikatoswa baharini! Kinyume chake, kadi za mwisho wa miaka ya 1980 zilichapwa kwa wingi na kuwekwa akiba na watu waliotumaini utajiri, na nyingi katika hizo leo hazina mnunuzi. Basi bei si shahidi wa ubora. Ni mtoto wa uhaba na tamaa, na mzazi mmoja akifa mtoto hudhoofika.

Pili, tulitazame daraja. Karafuu za Unguja na Pemba hupangwa madaraja kwa ukavu na usafi wake, kwa sababu yuko atakayezionja. Kadi haionjwi. Mpimaji huangalia pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Kisha huipa alama kati ya 1 na 10, akaifungia ndani ya kasha la plastiki. Yenye maandishi huteremshwa, au hutiwa ishara ya kasoro. Hapo pana jambo la ajabu: kitu kilichoundwa kwa mikono ya watoto hupata alama ya juu kabisa pale tu ambapo hakuna mtoto aliyekigusa. Mapenzi yamekuwa dosari.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kumcheka mpimaji. Mnunuzi aliye mbali hana macho ila ya mpimaji huyo, na pasipo kipimo ulimi wa mchuuzi ungekuwa ndiyo mizani. Mizani si adui wa haki. Ni mtumishi wake. Kosa ni letu tunapoiuliza habari isiyoweza kuijua.

Tatu, ufutio. Kadi moja ya Wagner ilipewa alama 8 mwaka 1991, ikasifiwa kwa kingo zake kali. Mwaka 2013 mnadi mashuhuri alikiri mbele ya mahakama ya Chicago kwamba alikuwa amezikata. Uzuri uliosifiwa ulikuwa kazi ya mkasi. Msomaji aweza kusema kwamba penseli ni uchafu tu, na kupangusa vumbi si dhambi. Namjibu hivi: kama waweza kumwambia mnunuzi ulilolitenda na bei isipungue, hukumdanganya, lakini kama wahitaji kunyamaza ili bei isimame, ukimya wako ndio bidhaa unayoiuza. Kuyafuta maneno yale kungekuwa wizi mara mbili: mnunuzi angeibiwa ukweli, na marehemu angeibiwa ushahidi wake.

Limebaki swali la kuuza. Wako watakaosema kuwa kumbukumbu haiuzwi. Kauli hiyo ni tamu, lakini urithi ule ulikuwa wa watu wawili. Mtu akilikalia sanduku kwa jina la mapenzi ya baba, huku ndugu yake akibanwa na wadai, hayo si mapenzi. Ni choyo kilichovaa nguo za matanga. Marehemu hana haja ya kadi. Aliye hai ana haja ya msaada. Lakini naye ndugu hana haki ya kudai kila chenye mkono wa baba kiende mnadani, ikiwa stahili yake yaweza kupatikana kwa njia nyingine.

Kwa hiyo nilimshauri apeleke kupimwa zile tu ambazo bei yake itapita ada ya mpimaji, kisha ziuzwe zote wagawane. Ile ya Aaron ithaminiwe pamoja na mwandiko wake, na bei yake ikatwe katika fungu lake. Mapenzi yasiyotugharimu kitu ni rahisi kuyatangaza.

"Na kama bei yake itanishinda?" akauliza.

"Basi iuze nayo, pamoja na maneno yake."

Niliona uso wake ukisawijika, na mara kadhaa tangu siku ile nimejiuliza kama nilikuwa mkali mno. Sijapata jibu jingine. Lakini haikumshinda. Maandishi yale yalikuwa yameipunguza bei ya kadi kiasi cha fungu lake kuweza kuibeba. Ndugu yake alipata haki yake na kulipunguza deni. Naye akarudi nyumbani na kadi ambayo soko liliiona imeharibika.