Tone Moja la Kioo

Mwaka nilioacha chuo nilivunja kioo cha watu, na kwa siku tisa hakuna aliyejua ila mimi.

Karo ilikuwa imeniangusha mwaka wa pili. Nyumbani Nakuru, mathe alijua bado niko darasani. Ukweli ni kwamba nilikuwa Nairobi nikisaka vibarua, na kimoja kikanipeleka kwenye nyumba ya zamani huko Lavington kumsaidia fundi kusafisha thurea. Kama neno hilo ni geni kwako, usijali, hata kwangu lilikuwa geni. Ni ile taa kubwa ya kuning'inia, yenye mikono mingi na vioo vidogo vidogo, kama matone ya mvua yaliyogoma kufika chini. Jina lake lina asili ya Kiarabu, na Waarabu hulitumia pia kwa lile kundi la nyota tunaloliita kilimia. Niliposikia hivyo nikaona kazi yangu imepanda cheo: sioshi taa, napanguza nyota.

Fundi alikuwa mzee wa Mombasa asiyependa haraka. Kabla sijagusa kitu alinipa masharti. Zima umeme kwenye meni, si kwa swichi ya ukutani tu, kisha ngoja balbu zipoe. Tandika blanketi chini. Piga picha kila upande, chora, kipe kila kioo namba yake kwenye daftari. Vaa glavu za pamba, maana mafuta ya vidole huacha alama. Tumia vitambaa viwili: kimoja chenye unyevu kidogo wa yale maji yanayouzwa ya kuweka kwenye betri, maana hayana chumvi, na kingine kikavu cha kumalizia. Usiipulizie taa dawa yoyote, kwa sababu majimaji huingia kwenye waya za umeme na kula vile vishikizo vyembamba vya shaba.

"Na taa haizungushwi, mwanangu," aliniambia. "Wewe ndiwe unayezunguka."

Ukiizungusha, unaweza kulegeza skrubu inayoishikilia kwenye dari. Kwa hivyo unashuka, unasogeza ngazi, unapanda tena. Siku ya kwanza nilipanda na kushuka hadi magoti yakanisuta.

Siku ya tatu mzee akatoka kwenda kuswali adhuhuri. Nilikuwa nafunga matone ya duara la chini wakati moja liliponiponyoka, likagonga ngazi na kupasuka kabla ya kufika blanketini. Vioo hivi si kama vya dirisha. Vingi vya namna hii vimetengenezwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, ufundi ambao George Ravenscroft aliuwekea hataza London mwaka 1674. Risasi hukifanya kioo kiwe kizito, kikatike vizuri, na kiuvunje mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Huwezi kwenda River Road ukanunua kingine kama hicho.

Nikafanya hesabu ya haraka. Duara la juu kabisa, upande wa ukutani, halionekani na mtu aliyesimama sakafuni. Nikatoa tone moja huko, nikalileta chini kujaza pengo. Vipande nikavitia mfukoni. Kwenye daftari nikaweka tiki kila mahali. Mzee aliporudi, tukawasha. Kutoka chini, thurea ilikuwa kamili. Mama mwenye nyumba akapiga makofi.

Sasa, nilimkosea nani?

Swali hili ni la kale. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri kuna hadithi ya mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Anayeisimulia anauliza: mtu mwenye pete kama hiyo ana sababu gani ya kuwa mwadilifu? Mimi nilikuwa na pete yangu, duara la juu upande wa ukutani.

Nilijitetea vizuri sana, niwaambie ukweli. Tone moja kati ya mamia haliwezi kuiangusha taa. Hakuna atakayeumia. Mwenye nyumba amefurahi, na kumwambia ni kumwondolea furaha. Ukipima wema kwa matokeo peke yake, nilikuwa safi.

Ila lile daftari lilinikosesha usingizi. Kwenye kazi hii, kujaza pengo si kosa. Taa nyingi za zamani zina vioo vilivyoongezwa baadaye, na mafundi waaminifu hawaoni aibu. Wanaandika tu: hiki ni kipya, hiki kimehamishwa. Wanaandika kwa ajili ya mtu wasiyemjua, yule atakayepanda ngazi miaka thelathini baadaye akiwa na daftari mkononi.

Angalia thurea ya kasri la Dolmabahçe huko Istanbul, yenye uzito wa tani nne na nusu. Kwa muda mrefu ilisemekana kuwa ni zawadi ya Malkia Victoria. Halafu ikapatikana risiti: ilikuwa imelipiwa. Kioo ni kilekile na mwanga ni uleule, lakini karatasi moja imebadilisha maana ya kitu kizima. Kwa hiyo rekodi nayo ni sehemu ya taa. Mimi nilidhani nimevunja tone moja. Kumbe nilivunja viwili, na cha pili ndicho nilichokivunja kwa kusudi.

Siku ya tisa nikamfuata mzee kwake Majengo, nikamweka vile vipande mezani. Hakufoka. Alifungua daftari, akakata tiki yangu, akaandika tone lipi limevunjika na lipi limehamishwa.

"Sasa iko sawa," akasema.

"Lakini Mzee, tone bado halipo."

"Halipo. Lakini sasa tunajua halipo."

Kesho yake tulienda kwa mwenye nyumba. Alinikata pesa za siku mbili, na hajaniita tena. Sisemi ukweli unalipa. Mimi ulinigharimu.

Nimeandika haya kwa sababu kuna daftari lingine. Mathe ana lake, la mchango wa karo yangu: majina ya majirani, watu wa kanisa, mama wa mboga aliyetoa mia mbili. Miezi yote hiyo niliyokuwa nje ya chuo alikuwa bado anachangisha, na pesa zikinifikia kwa M-Pesa nalipa nyumba. Kutoka chini, nilionekana kamili.

Nilimpigia jioni ileile. Alilia, kisha akakasirika, kisha akaniamuru nitaje kila kiasi nilichotumia na tarehe yake. Nilimsikia akipekua kurasa. Ilituchukua karibu saa nzima.

Bado nalipa, jina baada ya jina. Mama wa mboga nilimrudishia mwezi uliopita. Mathe alinitumia picha ya ukurasa ule, mstari umepitishwa juu ya mia mbili, bila neno lolote.