Rangi ya Uso Kiooni

Televisheni haitoki kiwandani ikiwa imekusudiwa sebule; hutoka ikiwa imekusudiwa duka. Mtengenezaji anajua kuwa kioo chake kitapangwa ukutani pamoja na vyengine kumi, chini ya taa kali, na kwamba mnunuzi atapita mbele yake kwa dakika chache tu. Katika mashindano hayo ya kulivuta jicho hashindi msema kweli bali mpaza sauti. Basi mwangaza hupandishwa hadi ukomo wake, majani yakakolezwa, wekundu ukatiwa moto, kila kitu kikachorwa mstari pembezoni ili kionekane kikali, na weupe ukachanganywa na buluu. Hili la buluu lisimshangaze mtu wa pwani. Wafuaji wa kanzu wamelijua tangu zamani: nguo nyeupe huchovywa katika maji yaliyotiwa buluu kidogo, na jicho likahadaika likaiona nyeupe kuliko nyeupe. Kanzu haikuongezeka usafi; imeongezeka buluu.

Hali hiyo aghalabu huandikwa Vivid au Dynamic katika menyu. Zipo televisheni zinazouliza, siku ya kwanza kuwashwa, kama zimeshafika nyumbani au zingali dukani. Wengi hubonyeza chochote ili waiwahi taarifa ya habari. Na hata ile hali ya kawaida iliyowekwa kwa ajili ya nyumbani, katika televisheni nyingi, bado ina ubuluu wa dukani. Miaka hupita. Siku moja mtu mmoja katika nyumba, kwa kawaida yule asiyeweza kukiona chombo asikifungue, hushika rimoti, akaingia katika mipangilio ya picha na kuanza kuisawazisha mwenyewe bila ya fundi. Kazi hiyo haimgharimu senti, lakini inamwingiza katika suali ambalo wanafalsafa hawajalimaliza: picha iliyo sahihi ni ipi, na nani mwenye haki ya kuiamua?

Kwa upande wa ufundi mambo si magumu. Mpangilio uitwao Brightness, kinyume na jina lake, katika televisheni nyingi haupangi mwangaza, hupanga weusi. Njia nzuri ya kuujaribu ni onyesho la usiku lenye mtu aliyevaa nguo nyeusi. Ukishushwa mno, buibui huwa shimo na mikunjo yote humezwa. Ukipandishwa mno, weusi hugeuka ukungu wa kijivu. Mahali pake ni pale ambapo mkunjo wa mwisho unaonekana kwa shida na weusi ukabaki kuwa weusi. Contrast hupanga weupe, na shahidi wake ni kanzu: ipandishwe, isimamishwe kabla darizi ya shingoni haijayeyuka. Ukali, ule mchoro wa pembezoni, hushushwa karibu na mwisho, maana hauongezi chochote kilichomo katika picha. Hutia nyuzi nyeupe kandokando ya herufi na makuti ya minazi. Ulainishaji wa mwendo huzimwa. Huu ndio unaobuni picha ambazo hazikupigwa na kuzichomeka baina ya picha 24 za kila sekunde ya filamu, hata kazi iliyogharimu mamilioni ikaonekana kama kipindi cha studio. Mnamo Disemba 2018 mwigizaji Tom Cruise, pamoja na mwongozaji Christopher McQuarrie, walitoa ujumbe wa video kuwaomba watazamaji wauzime. Watu wenye jina na mali, na bado iliwabidi wambembeleze mwenye rimoti.

Kisha huja joto la rangi, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanza. Msawazishaji huiondoa buluu ya dukani, akachagua ule weupe wenye joto, na jioni hiyo hiyo nyumba nzima hulalamika: picha imekuwa ya manjano, imepigwa vumbi, imezeeka. Akiwa na subira, akawaomba wavumilie wiki moja au mbili, kisha akairejesha ile ya zamani kwa dakika moja, wale wale waliolalamika hushituka. Nyuso zimekuwa za maiti. Ilhali ni rangi waliyoitazama kwa miaka na kuiapia.

Shahidi mmoja ametoa kauli mbili zinazopingana, na zote mbili amezitoa kwa moyo safi. Jicho halidanganyi kwa kusudi; limeumbwa kuzoea. Liko hivyo ili mtu aweze kuijua embe mbivu asubuhi, alasiri, na usiku mbele ya kandili, ijapokuwa mwanga unaoipiga katika nyakati hizo tatu haufanani hata kidogo. Uwezo huo ni neema. Lakini chombo chenye kuzoea hakiwezi kuwa mizani ya nafsi yake, na hili si la macho peke yake: mtu aliyekulia katika nyumba ya makelele hudhani kuwa mpole ni mgonjwa.

Ndiyo maana wataalamu waliamua kuitafuta mizani nje ya jicho. Katika miaka ya 1960 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza ilisanifisha mwanga wa mchana unaojulikana kwa jina la D65, wenye joto la rangi la takriban kelvini 6,500, na weupe huo ndio uliotiwa katika kanuni za televisheni, ikiwemo ile ya mwaka 1990 ya picha za ubora wa juu. Fundi wa rangi za filamu hukaa katika chumba chenye kiza hafifu, mbele ya kioo kilichopimwa kwa weupe huo, akaamua machweo yawe mekundu kiasi gani. Kwa hiyo unapotajwa ukweli wa picha, haukusudiwi ukweli wa dunia. Bahari ya filamu huenda haikuwa na rangi ile hata siku moja. Unakusudiwa ukweli wa kauli: aliyesema, alisema hivi. Ni uaminifu wa aina ile ile anaodaiwa mfasiri. Haulizwi kama shairi limesema kweli juu ya mwezi. Anaulizwa kama amelifikisha alilolisema mshairi. Na mfasiri anayeona ubeti umepoa akautia pilipili yake huwa amefungua duka.

Yupo atakayejibu kuwa televisheni ni yake, ameilipia, na atazame majani ya zambarau akipenda. Hoja hii si ya kubezwa. Hakuna sheria, ya dini wala ya serikali, inayomkataza mtu kunywa chai yake kwa vijiko sita vya sukari. Lakini tofauti ni kubwa baina ya anayejua kuwa ametia sukari na anayedhani kuwa majani ya chai huota yakiwa matamu. Wa kwanza ana mapenzi yake. Wa pili ametiliwa na mwengine, naye anayaita mapenzi yake. Wengi wanaoitetea rangi kali kwa jina la uhuru wa mtazamaji hawajapata kuchagua; duka lilichagua kwa niaba yao.

Kwa asiye na vifaa vya kupimia, shahidi mkubwa wa rangi ni ngozi ya binaadamu. Nyasi za uwanja wa mpira zinaweza kukolea kupita kiasi na mtu asitambue, lakini uso ukipotoka kidogo kila mtu huona. Ushauri wa kawaida, basi, ni kuipunguza rangi mpaka nyuso ziwe za watu. Ni ushauri mzuri, na ndani yake mna mtego. Nyuso za watu gani?

Suali hili lina historia ndefu kuliko televisheni zilizomo majumbani leo. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, kwa ajili ya mwanamke aliyepigwa picha ya mwanzo. Baada yake walifuata wengine wengi, na kwa muda mrefu wote walikuwa weupe. Ngozi yao ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya kawaida. Mtoto mweusi akipigwa picha ya skuli pamoja na wenzake weupe, wenzake walitokeza, yeye akabaki meno na macho. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, aliyeiandika historia hiyo mwaka 2009, ameeleza kuwa Kodak walipokuja kushughulika na rangi za kahawia, msukumo mmoja mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Mbao ilisikilizwa kabla ya uso wa mtu. Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa shughuli za kuiasisi televisheni ya nchi hiyo, inasimuliwa kwamba aliikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi.

Televisheni nayo haikusalimika. Katika studio nyingi za Magharibi kamera zilipangwa kwa uso mweupe. Marekani seti zilikuwa na kitufe cha ziada cha kuzisogeza nyuso baina ya kijani na zambarau, kwa sababu rangi zilikuwa zikipotea njia hewani. Mfumo wa PAL, aliouunda Walter Bruch wa Telefunken nchini Ujerumani na ulioanza kurusha matangazo mwaka 1967, uliyafuta makosa hayo kwa kuigeuza ishara ya rangi kila baada ya mstari mmoja, kosa la huu likafutwa na kosa la ule. Kitufe kikawa hakina kazi. Zanzibar iliipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na televisheni ya aina yoyote hadi mwaka 1994. Mtu angedhani basi kuwa visiwa vilipokea nyuso zilizokwisha kusawazishwa. PAL ilihakikisha tu kuwa rangi iliyotumwa ndiyo itakayofika. Nani aliyeiamua rangi ya kutumwa, hilo halikuwa jukumu lake.

Kwa hiyo anayesawazisha kioo chake Unguja au Pemba kwa kuufuata uso mmoja tu, hata uwe mzuri namna gani, anairudia kadi ya Shirley kwa jina jengine. Katika nyumba moja ya visiwani unaweza kuwakuta ndugu wa tumbo moja, huyu maji ya kunde, huyu mweusi wa kung'aa, huyu mweupe. Hali ya dukani huwafanyia wote dhulma, kila mmoja kwa namna yake: wa maji ya kunde huwa papai, mweupe huwa karatasi, na mweusi, akiingia katika onyesho la usiku, hupoteza uso. Si kwamba huonekana mweusi zaidi. Hupoteza lile linaloufanya uso kuwa uso: kivuli chini ya jicho, mstari wa mdomo unaoanza kutetemeka kabla ya kilio. Kioo kilichosawazishwa hujulikana kwa kuwa hao wote wanaweza kukaa katika picha moja na kila mmoja akabaki na ngozi yake.

Mfano mzuri ni filamu ya Moonlight ya mwaka 2016, ya Barry Jenkins, iliyopigwa na James Laxton. Watengenezaji wake waliishughulikia ngozi nyeusi kwa makusudi: waliiacha ing'ae kwa jasho na mwanga, na waliviacha vivuli viwe vizito bila ya kuvitia kijivu. Ina buluu nyingi, lakini ni buluu iliyochaguliwa, kila moja mahali pake. Ikitazamwa katika hali ya dukani, buluu ya duka humwagwa juu ya buluu ya msanii, na mtazamaji hawezi tena kujua ipi ilikuwa ya nani. Hapa ndipo jambo linapovuka mipaka ya mapenzi ya mtu na sukari yake. Kuna mtu wa tatu, naye ni yule anayetazamwa, aliyekubali uso wake upelekwe mbali kwa sharti ya kuwa utafika ukiwa wake.

Na hata hivyo mizani haitoshi. Mara nyingi katika sebule hukaa bibi mwenye mtoto wa jicho. Lenzi yake imeingia umanjano, buluu humfikia kwa uchache, na kiza cha filamu kwake ni kiza kitupu. Claude Monet, alipopasuliwa jicho kwa maradhi hayo mwaka 1923, alilalamika kuwa rangi zimemgeukia, mara manjano, mara buluu, hata ikambidi avae miwani ya rangi. Mjukuu akishaisawazisha televisheni kwa kelvini zake 6,500, bibi huuliza kwa nini wameizima. Amjibu kuwa sasa ndiyo sahihi? Jibu hilo lina ukweli na halina adabu. Picha ilikusudiwa ionwe. Kumwongezea bibi mwangaza ni kuifikisha kauli kwa masikio mazito, kama anavyofanya mtu anapomsomea mzee barua kwa sauti ya juu, maneno hayakubadilika. Televisheni nyingi huweza kuhifadhi mipangilio zaidi ya mmoja, na nyumba yenye busara humwekea bibi wake.

Wapo wanaotaka njia ya mkato, wakanakili tarakimu za weupe za mtu mwengine mwenye seti kama yao. Haifai sana: vioo viwili vya toleo moja havilingani barabara, na tarakimu za kuazima ni kama miwani ya kuazima. Chumba chenyewe nacho kina lake la kusema. Taa ya mrija nyeupe ikiwaka, weupe sahihi huonekana wa manjano. Dirisha la magharibi likiwa wazi alasiri, weusi wote huwa kijivu. Heri kuvuta pazia kabla ya kumlaumu mwongozaji.

Kuna mahali, lakini, ambapo rimoti haifiki. Nyumba iliyokwisha kutengeneza kioo chake, buibui lina mikunjo, kanzu ina darizi, huja siku ikatia picha za harusi ya mtoto wao wenyewe. Wapiga picha wengi wa harusi hung'arisha uso wa bibi harusi kwenye kompyuta kabla ya kuikabidhi kazi, na mara nyingi hufanya hivyo kwa kuombwa. Piko lina rangi yake, mikono ina rangi yake, uso ni wa chokaa. Msawazishaji anaweza kushusha mwangaza mpaka ukumbi mzima ukazama kizani. Kilichofutwa mashavuni hakirudi, maana hakikutumwa. Kioo kimefikisha kilichopewa. Na bibi, kutoka kitini mwake, anauliza huyo aliyekaa baina ya wajukuu zake ni mtoto wa nani.