Msomaji wa Rika Lako

"Kazi safi, endelea vivyo hivyo." Hayo ndiyo maneno ninayokutana nayo zaidi pembeni mwa insha za wanafunzi wangu tangu tuanze kusahihishana mtandaoni. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwandishi anaiweka insha yake kwenye Google Docs, wenzake wawili au watatu wanapewa ruhusa ya kuisoma na kuandika maoni ukingoni, naye anairekebisha kabla haijanifikia mimi. Lakini insha inaweza kuwa haina kichwa wala miguu, na pembeni yake ukakuta "kazi safi" na kidole gumba kimesimama wima.

Nafundisha uandishi wa Kiswahili katika chuo kimoja mjini Kisii. Wengi wa wanafunzi wangu ni watoto wa vilima hivi hivi: Mosocho, Suneka, Manga, Ekerenyo, na Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira hazijaacha kuugombania. Ndiyo maana sifa hizi za bure zinanishangaza, kwani sisi hatukulelewa kwa kusifiwa. Mwanaanthropolojia Mmarekani, Robert LeVine, alifika huku kwetu Gusii katika miaka ya 1950, akarudi na wenzake miaka ya 1970 kuchunguza malezi ya watoto wachanga. Kitabu chao cha mwaka 1994 kinawaeleza akina mama waliompenda mtoto kwa kumnyonyesha, kumbeba na kumtuliza haraka anapolia, ila hawakuona sababu ya kummwagia sifa, wasije wakalea mtu wa kujiona. Watafiti hao hawakukosea. Nilipokuwa mdogo, ukirudi nyumbani na nafasi ya pili darasani uliulizwa huyo wa kwanza ni mtoto wa nani.

Basi hii "kazi safi" si mila yetu. Vijana wameitoa kwenye simu, ambako picha ya rafiki haipitwi bila kusifiwa, na anayepita kimya huonekana ana kijicho. Wakaihamishia darasani pamoja na vidole gumba vyake.

Hata hivyo ipo desturi ya kwetu inayoupa usahihishaji wa wenza nafasi yake halali. Wagusii wana chinsoni, zile kanuni za heshima na haya baina ya kizazi cha mzazi na kizazi cha mtoto. Mbele ya baba, na mbele ya yeyote wa rika la baba, yapo mambo hayatajwi na mizaha haitiwi. Abakiare, yaani watu wa rika moja, hawafungwi na hayo. Wanataniana, wanakosoana, wanaambiana yasiyosemeka nyumbani. Sasa mwalimu tumweke wapi? Huyo ni wa upande wa baba, hata kama amewazidi wanafunzi miaka kumi tu. Nikiandika kwa kalamu nyekundu "hoja haijakomaa", mwanafunzi ataitikia "sawa, mwalimu" na kwenda zake bila kujua hoja hukomaaje. Mwenzake akiandika maneno yaleyale atajibiwa papo hapo: "Unamaanisha nini, wewe?" Na hapo ndipo masomo yanapoanza.

Nimeliona hilo kwa msichana mmoja wa Nyamira aliyeandika kwamba wakulima wa majani chai wananyonywa. Ilikuwa sentensi ya hasira, imenyooka kisarufi, na mimi ningeiacha ipite kwa sababu nakubaliana nayo. Kijana aliyekulia kwenye chai hakuiacha. Aliuliza ukingoni: wananyonywa na nani, na katika malipo yapi? Yale ya kila mwezi kwa kilo, au bonasi ya mwisho wa mwaka? Akauliza pia kama mwandishi amewahi kuchuma. Walibishana humo siku kadhaa, maoni juu ya maoni. Insha iliyonifikia ilianza na karatasi ya malipo ya nyanyake, tarakimu kwa tarakimu, na ile sentensi ya hasira haikuwemo tena. Haikuhitajika.

Katika hadithi hiyo wengi watamtazama msichana, kwa kuwa ndiye aliyesaidiwa. Mimi nilimtazama zaidi kijana. Insha yake iliyofuata ilikuwa na maswali hayohayo, safari hii amejiuliza mwenyewe na kuyajibu. Watafiti wawili, Kristi Lundstrom na Wendy Baker, waliandika kuhusu jambo hili mwaka 2009 baada ya kuwapima wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kiingereza kama lugha ya pili huko Marekani. Kundi moja lilifundishwa kusahihisha kazi za wengine tu, jingine likafundishwa kutumia masahihisho waliyopewa tu. Waliosahihisha ndio walioboreka zaidi katika uandishi wao wenyewe. Kwa hiyo anayeandika "kazi safi" na kuondoka hamnyimi mwenzake peke yake. Amejinyima.

Kuna kosa moja, lakini, ambalo watu wa rika moja na kilima kimoja hawaambiani kamwe, kwa sababu hakuna anayeliona. Ekegusii, lugha yetu, haina sauti ya "l", tuna "r". Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba wapenzi wake wa hadithini "walikutana mahari pazuri". Wasahihishaji wawili, mmoja wa Suneka na mwingine wa Borabu, wakapita hapo bila kusita, maana masikioni mwao kila kitu kilikuwa sawa. Insha hiyo ilisomwa pia na mwanafunzi wa Kwale huko Pwani, kwa kuwa mwalimu mwenzangu wa huko alikubali madarasa yetu yabadilishane kazi. Maoni yake yalikuwa mafupi: "Mahari ya nani tena? Wameshaposana?" Darasa zima lilicheka, mwandishi akiwemo, na tangu siku hiyo sijaona tena kosa hilo kwake. Mimi nimelisahihisha kosa la namna hiyo kwa wino mwekundu muda mrefu bila mafanikio kama hayo.

Hapo ndipo ninapouona mtandao ukifanya kazi ambayo daftari haliwezi. Kubadilishana madaftari na jirani wa dawati tumefanya tangu shule za msingi. Kumpata msomaji wa Kwale asubuhi na mapema ukiwa Kisii ni kitu kingine. Wetu nao hawakuwa wapokeaji tu. Waliwauliza wenzao wa Pwani kwa nini kila aya ifungwe kwa methali hata pasipo na haja, swali ambalo mgeni wa heshima kama mimi nisingethubutu kulitamka huko.

Wazee wetu walikuwa na risaga. Majirani walilima shamba la mmoja leo na la mwingine siku nyingine, na mwenye shamba akawaandalia chakula na pombe. Iliwezekana kwa sababu jembe la kila mtu lilionekana. Aliyekula bila kulima alijulikana, na zamu yake ilipofika alijikuta shambani na wanawe. Waraka wa pamoja una jicho kama hilo: historia ya mabadiliko, inayoonyesha nani aliandika nini na saa ngapi. Nimewahi kuifungua nikakuta mtu aliyeingia dakika kumi kabla ya muda kwisha, akaongeza koma mbili, akatoka. Wenzake walikuwa wameshaliona hilo kabla yangu.

Nikisema vijana wa Gusii wasaidiane kuandika, najua wapo wasomaji watakaocheka chinichini. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022, yaliyotangazwa Januari 2023, yalipandisha juu sana baadhi ya shule za eneo letu, nchi ikanung'unika juu ya wizi wa mtihani, na kamati ya elimu ya Bunge la Taifa ikafanya uchunguzi. Tangu hapo mwanafunzi wa Kisii au Nyamira aliyepata A kwa jasho lake hulazimika kuieleza. Ni dhuluma, na haitaondoka kwa kulalamika. Lakini naona tofauti iko wazi. Wizi wa mtihani hutaka giza, watu wachache, na ujumbe unaofutwa ukishasomwa. Kusahihishana kunaacha kila neno mahali lilipoandikwa, na jina la aliyeliandika juu yake.

Kinachonitia shaka zaidi kiko kwingine. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliandika juu ya vijana wa Kenya wanaojipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Wengine wao tunaishi nao, na siwezi kumhukumu upesi kijana mwenye shahada na bila kazi. Ninachokiona ni kwamba mtu aliyezoea kuandika kwa jina la mwingine usiku kucha husoma kazi ya mwenzake kama bidhaa: anairekebisha yote, haulizi lolote. Halafu mwishoni mwa 2022 ikaja akili mnemba ya ChatGPT na jamaa zake. Siku hizi napata maoni marefu, yenye adabu na sarufi, yanayosema insha "inaonyesha uelewa wa kina wa mada", na insha yenyewe ni ya mtu aliyeikosa mada tangu mstari wa kwanza. Afadhali ile "kazi safi". Ile angalau iliandikwa na mtu.

Ya bando na stima nisiyarefushe. Kila anayeishi hapa anajua mvua ya alasiri inavyoondoka na umeme. Wanafunzi wameshazoea kuuhifadhi waraka kwenye simu, wakausoma ndani ya matatu, na maoni yakajipakia penye mtandao. Shule za upili zina taabu kubwa zaidi, kwani mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu, na karatasi ya Insha ya KCSE bado inaandikwa kwa mkono. Rafiki yangu anayefundisha Nyamira ameipatia njia: wanafunzi wanasahihishana kwenye karatasi darasani, kisha yeye anapiga picha insha chache kwa simu yake na kuzituma kwa WhatsApp kwa mwalimu wa shule nyingine. Majibu yanarudi hivyohivyo, yamepigwa picha, na wino wa msomaji asiyewafahamu. Nadhani hiyo inatosha kabisa.

Suala la majina nalo lilinisumbua. Programu nyingine, Moodle ikiwemo, zinaweza kumficha msahihishaji. Nilijaribu. Majina yalipofichwa, dhihaka zilianza, na kumbe kuyaficha hakukuficha kitu, maana darasa dogo hutambuana hata kwa namna mtu anavyoweka nukta. Yalipofunuliwa, vidole gumba vikarudi. Kilichosaidia ni kuacha majina wazi na kuyapa maoni yenyewe alama, sehemu ya alama za zoezi zima, kwa sharti kwamba kila maoni yawe na swali moja la kweli ambalo mwandishi analazimika kulijibu.

Mwanafunzi mmoja hakukubali. Aliniambia darasani kwamba nanunua ukweli kwa alama. Nikamjibu kwamba hata risaga ilikuwa na chakula. Jioni alifungua waraka wa maelekezo yangu na kuandika ukingoni, kwa jina lake kamili: "Mwalimu, kwenye risaga mwenye chakula naye alikuwa na shamba la kulimwa. La kwako liko wapi?" Nimeijadili hoja hiyo na wenzangu wa idara, wengine wakaona ni utovu wa adabu. Mimi nimebadilisha utaratibu. Muhula ujao insha yangu itaingia kwenye foleni pamoja na zao, na huyo kijana atakuwa mmoja wa wasomaji wake watatu.