Barua za Nehemia na Foleni ya Posta

Somo: Nehemia 2:1–9



Wiki mbili zilizopita nilitangaza hapa mbele kwamba posta ya mji wetu inapokea maombi ya pasipoti kwa miadi, na kwamba mwenye shida ya fomu anione. Baada ya ibada mama mmoja alinijia akaniambia, "Mchungaji, leo umehubiri serikali kuliko Injili." Nilicheka, lakini neno lile lilinifuata mpaka nyumbani. Mama, jibu lako ni hili, limechukua siku kumi na nne.

Nehemia alikuwa mtu wa ughaibuni kama sisi. Alikuwa na kazi nzuri huko Shushani, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, anakula na kulala vizuri, lakini moyo wake ulikuwa Yerusalemu. Habari mbaya zilimfikia kwa kinywa cha Hanani ndugu yake, kama zinavyotufikia sisi kwa simu saa tisa usiku. Alilia, akafunga, akaomba. Sura ya kwanza inasema ulikuwa mwezi wa Kisleu, na sura ya pili inapoanza tumefika Nisani. Ni kama miezi minne ya kuomba.

Sasa angalieni anachoomba mfalme anapomuuliza kwa nini uso wake una huzuni. Kwanza anasema anataka kwenda kwenye mji yalipo makaburi ya baba zake. Halafu, mstari wa saba, anaomba barua. Barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wamruhusu kupita, na nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, apewe miti. Mtu wa maombi ya miezi minne anaomba karatasi zenye jina la mfalme! Na mfalme alipomuuliza safari itachukua muda gani, hakusema "Mungu anajua". Alimtajia muda. Yule ndugu alikuwa amekwisha kupiga hesabu. (Ezra naye, sura ya nane, aliona haya kumwomba mfalme askari wa njiani. Nehemia alikwenda nao. Wote wawili Mungu aliwafikisha, kwa hiyo tusigombane.)

Niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma.

Niliapishwa kuwa raia wa Marekani, nikapewa cheti, nikapiga picha na bendera ndogo mkononi. Cheti kile nilikitia kwenye mfuko wa plastiki, nikauweka chini ya kitanda. Kilikaa pale miaka mitatu. Kila mwaka nilisema pasipoti nitaiombea mwakani. Mwaka wa kwanza sababu ilikuwa pesa, na kweli pesa hazikuwepo. Mwaka wa pili pesa zilikuwepo.

Sababu ya kweli ilikuwa woga. Sisi tuliokulia Nyarugusu, dirisha la ofisi kwetu si dirisha tu. Ni mahali unapoamka usiku ili uwe mbele kwenye foleni, jua likuchome, kisha ufike uambiwe jina lako halionekani, rudi kesho. Ni mahali ambapo herufi moja kwenye kadi ya chakula inaamua kama watoto watakula. Nimehubiri mbele ya watu mia tatu bila kutetemeka, lakini mbele ya karani mwenye kalamu mimi bado ni mtoto wa kambini. Mke wangu alinikumbusha mara nyingi. Nikamjibu mambo ya kiroho: Bwana akitaka nisafiri, atafungua njia.

Mwezi wa nane dada yangu alipiga simu kusema mama hali vizuri. Mwezi wa tisa akasema hatembei. Nikaitisha maombi, ninyi wenyewe mlifunga pamoja nami, na Mungu awabariki kwa hilo. Lakini mfuko ule sikuutoa chini ya kitanda. Mwezi wa kumi, alfajiri ya Ijumaa, mama akalala. Jumapili wakamzika kule kule Nyarugusu. Mdogo wangu alishika simu juu ili nione. Niliona migongo ya watu, niliona sanduku linaanza kushuka, na mtandao ukakatika. Uliporudi, udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, na sikutupa hata konzi moja.

Sikuwalaumu karani wala serikali. Hakuna aliyeninyima barua. Sikuziomba.

Wapo walioniambia, "Mchungaji, ilikuwa mapenzi ya Mungu." Nawashukuru, lakini naomba tusimsingizie Mungu uvivu wetu na woga wetu. Mapenzi ya Mungu ni kwamba mama apumzike. Mimi kukosa kumzika, hilo ni langu, nimelitubia, na amenisamehe. Hata hivyo msamaha haukunirudisha Jumapili ile.

Hatimaye nilikwenda. Yule mama wa posta aliniomba cheti, akaniomba na nakala yake, akanipa maji kwa sababu aliona mkono unatetemeka. Mambo yote yalichukua dakika ishirini. Miaka mitatu ya woga, kwa dakika ishirini.

Basi nisemeeni tena kwamba nahubiri serikali! Anayeomba mara ya kwanza anakwenda mwenyewe na fomu ya DS-11. Mtu mzima analipa dola 130 kwa pasipoti, kwa hundi au mani oda, na dola 35 za kupokelewa pale, zinalipwa peke yake. Ya mtu mzima inadumu miaka 10, ya mtoto chini ya miaka 16 inadumu miaka 5, kwa hiyo ile uliyomchukulia akiwa mgongoni huenda imekwisha na hujui. Cheti chako halisi utakiacha wakipeleke. Najua hapo ndipo roho inapotoka. Kinarudi kwa posta, mara nyingi katika bahasha yake chenyewe, si pamoja na pasipoti, kwa hiyo usipige kelele bahasha ya kwanza ikija bila hicho. Wenye hati ya kusafiria ya mkimbizi, yenu ni ya mwaka mmoja tu, na kabla ya kuitumia njooni kwanza tuzungumze, maana kuna nchi usizopaswa kuzigusa.

Na hili sikulijua, nalisema kwa uchungu: mzazi, mtoto, mwenzi wa ndoa, ndugu wa tumbo moja, babu au bibi akiwa mahututi au amefariki nje ya nchi, ipo huduma ya dharura kwa anayelazimika kusafiri ndani ya majuma mawili. Unapiga simu, wanakupa miadi katika ofisi kubwa ya pasipoti, kwetu sisi ni Chicago au Minneapolis, na unakwenda na barua ya hospitali au cheti cha kifo, kwa Kiingereza au kimetafsiriwa.

Sasa nije kwa akina baba, na baadhi ya akina mama. Mtoto chini ya miaka 16 anahitaji wazazi wote wawili wafike. Asiyeweza kufika anasaini fomu ya DS-3053 mbele ya notari, na saini hiyo ni ya miezi mitatu tu. Ninyi mliotengana mnajua ninakokwenda. Kuna saini zinazoshikiliwa katika mji huu kama mtu anavyoshikilia fimbo. "Asinisalimie, halafu anataka nisaini?" Ndugu yangu, yeye hakuombi chochote. Anayeomba ni mtoto, na bibi yake aliye Uvira anahesabu siku. Umemfungia mkeo mlango, lakini aliyebaki nje ni mama yako mwenyewe.

Nisiwe dhalimu. Si kila anayekataa ni mkaidi. Yupo anayeogopa kweli kwamba mtoto akipelekwa hatarudishwa, na hofu hiyo mimi siidharau. Basi iseme. Lete hofu yako mezani, tukae watu wanne, mimi na mzee mmoja tukiwa mashahidi, tarehe ya kurudi iandikwe. Nehemia naye aliulizwa atarudi lini, na hakukasirika kuulizwa.

Na wale wenye watoto waliokuja na kadi ya kijani: mzazi akiapishwa kabla mtoto hajafika miaka 18, na mtoto anaishi naye hapa, mtoto huyo ni raia tayari kwa sheria. Lakini hana karatasi ya kuonyesha, na kadi yake bado inasema ni mgeni. Pasipoti ndiyo karatasi yake. Nimeona kijana wa miaka ishirini akihangaika kuthibitisha uraia alioupata akiwa darasa la sita.

Jambo la mwisho nalisema polepole. Fomu ile hutii saini nyumbani. Unaisaini mbele ya karani, baada ya kuinua mkono wa kuume na kuapa kwamba uliyoandika ni kweli. Mkono huo huo tunauinua hapa Jumapili. Wengi wetu tumezaliwa tarehe 1 Januari kwa kalamu ya mtu mwingine, na hilo linaeleweka, unaandika kama cheti kinavyosema. Lakini nazifahamu pia familia zilizopangwa kambini kwa haraka, mtoto wa dada akaandikwa mtoto wangu, kwa sababu kumwacha ilikuwa kumpoteza. Sikuhukumu, ningefanya vivyo hivyo. Ninachokuomba, kama kuna mstari ambao ukiujaza utakuwa unaapa uongo, usiinue mkono siku hiyo. Rudi nyumbani, nipigie, tutatafuta mwanasheria kabla ya karani. Tutakwenda wote, na kitakachosemwa ofisini kwangu kitabaki ofisini kwangu.

Najua mnangoja nifike Wafilipi 3:20, uraia wa mbinguni. Tutafika, Jumapili ijayo. Leo nimebaki na Nehemia, kwa sababu kabla ya kujenga ukuta alisimama mbele ya mfalme huku akiogopa sana, mstari wa pili unasema hivyo waziwazi, akaomba kwa Mungu wa mbinguni na papo hapo akafungua kinywa.

Alhamisi saa kumi jioni nitakuwa mlangoni mwa posta. Tuna miadi sita. Akina mama wa kwaya watashika watoto, na kijana wetu wa mitambo atapiga picha hapa kanisani bure baada ya ibada. Ukuta wa nyuma ni mweupe, vueni miwani. Ambao mfuko wa plastiki uko chini ya kitanda, njooni nao.

Tusimame tuombe.