Sura Takatifu Juu ya Fulana ya Kuuzwa

Swali la kama sura takatifu yaweza kutiwa kwenye vazi, na vazi hilo likauzwa kama bidhaa nyingine, lina uzito wa pekee katika mahali kama Ikonda, wilayani Makete, mkoani Njombe, ambako hospitali ya Wamisionari wa Consolata huwavuta wagonjwa na ndugu zao kutoka mikoa ya mbali. Anayenunua huko fulana yenye sura ya Bikira Maria Mfariji, ambaye ndiye Consolata, au ya Mtakatifu Giuseppe Allamano, aliyeanzisha shirika hilo mjini Turin mwaka 1901 na kutangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, huenda ana mgonjwa wodini, na kwa hiyo hanunui pambo tu.

Njia mojawapo ya kutia sura hiyo ni filamu ya floki, yaani utando mwembamba wenye nyuzi fupi mno za nailoni au rayoni, zilizosimamishwa wima juu ya gundi kwa nguvu ya umeme tuli, hata mkono unaoupapasa huhisi mahameli. Fundi huichora sura kwenye kompyuta, huigeuza kushoto kulia kwa sababu kisu cha mashine hukata kutokea upande wa gundi, hung'oa vipande visivyotakiwa, kisha huibana kwenye fulana kwa joto la nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi kwa muda wa sekunde 15 hadi 20, kutegemea maelekezo ya mtengenezaji. Vipande vilivyong'olewa hutupwa, ingawa vimetoka kwenye utando uleule, kwa gundi ileile na rangi ileile, na hakuna muumini anayeona kwamba kuvitupa ni kufuru.

Tofauti hiyo kati ya kinachoheshimiwa na kinachofagiliwa haiwezi basi kutafutwa katika maada, yaani kitu chenyewe kilichotumika, bali katika umbo, yaani mpangilio unaokifanya kitu kimwoneshe mwingine. Mtaguso wa Pili wa Nisea, uliofanyika mwaka 787 baada ya miongo mingi ya ugomvi juu ya sanamu, ulishika fundisho la Basili Mkuu kwamba heshima inayotolewa kwa sura humfikia yule anayeoneshwa na sura hiyo. Naye Yohane wa Damasko, aliyezitetea sanamu kabla ya Mtaguso huo, alieleza kuhusu msalaba kwamba umbo likishaharibika, maada iliyobaki haidai tena heshima. Kwa hoja hiyo nailoni haina udhaifu wowote mbele ya dhahabu, na anayeidharau fulana kwa sababu ni rahisi anasimama mbali na mapokeo anayodhani anayalinda.

Kuhusu kuuza, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu (kanuni ya 1190), na inataka vitu vilivyobarikiwa visitumiwe ovyo (kanuni ya 1171), lakini rozari na picha ambazo bado hazijabarikiwa zimeuzwa siku zote, kwa kuwa kinacholipiwa ni kazi na vifaa. Wala kutumika kwa vazi hakukivunjii heshima kile lilichobeba: huko pwani kanga nyingi zina maneno yanayomtaja Mungu, nazo hubebewa watoto na hutumika kujifunikia usiku.

Ugumu wenyewe umo katika ubora wa kazi, jambo ambalo wanateolojia hawalitaji sana. Gundi ya floki hulainika kwa joto, hivyo joto lililoibandika laweza pia kuiharibu, na katika baridi ya Makete, ambako nguo hukawia kukauka na wengi humalizia kwa pasi ya mkaa, sura iliyobanwa kwa haraka itaanza kubanduka pembeni baada ya kufuliwa mara chache. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba muuzaji anapaswa kueleza kasoro iliyofichika inayoweza kumdhuru mnunuzi. Hapa anayedhurika ni zaidi ya mnunuzi, kwa maana kama heshima humfikia anayeoneshwa, uzembe nao humwelekea yeye. Kubana kwa sekunde zote zinazotakiwa, kungoja ipoe kabla ya kuvua plastiki ya juu, na kumwambia mnunuzi, hata kama ana haraka ya kupanda basi la Njombe au Makambako, kwamba nguo ifuliwe na kupigwa pasi ikiwa imegeuzwa ndani nje, ni sehemu ya ibada inayomhusu fundi mwenyewe, na hakuna baraka ya padri inayoweza kuifanya kwa niaba yake.

Yohane wa Damasko hakulazimika kujibu juu ya fulana ambayo nusu ya uso imebanduka na nusu bado inatambulika. Kwa kufuata mantiki yake, maadamu anayeoneshwa bado anajulikana, nguo hiyo haifai kufanywa dekio, na aliye nayo atafanya vyema kuipasha moto tena, kuibandua sura iliyosalia mpaka iishe, na ndipo alitumie tambara hilo kwa kazi yoyote ya nyumbani.