Hiari na Wajibu katika Kupiga Kura

Msafiri atokaye Kilosa kwenda Mikumi hupita katika nchi ya watu wa kazi mbalimbali. Kilosa ni mji wa reli, na kandokando yake yako mashamba ya mkonge na ya mahindi. Mikumi ni mji wa barabara kuu iendayo Iringa, uliojengwa jirani na mbuga ya wanyama. Katikati wamo wakulima wa Kisagara na wa Kividunda, wafugaji wahamao na mifugo yao, vibarua na wafanya biashara. Siku ya uchaguzi watu hawa wote, licha ya tofauti zao, huwa na kitu kimoja kilicho sawa kabisa, nacho ni karatasi ya kura. Lakini si wote wajao kuichukua. Basi yafaa tujiulize: je, asiyekuja alazimishwe kwa sheria?

Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kupiga kura ni haki ya kila raia aliyetimiza miaka 18. Haimtozi faini yule asiyeitumia haki hiyo. Lakini ziko nchi zilizofuata njia nyingine. Ubelgiji iliweka sheria ya kulazimisha kura mwaka 1893, na Australia mwaka 1924. Huko asiyekwenda kituoni bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini.

Wanaotetea njia hiyo wana hoja nzito, wala si haki kuzidharau. Husema: kijiji kinapochimba mfereji, anayebaki nyumbani hutozwa faini, maana maji yatakapokuja naye atakunywa. Kodi hulipwa kwa lazima, na mtoto hupelekwa shule kwa lazima. Kwa nini basi kazi ya kuchagua viongozi, ambayo ndiyo mama wa hizo zote, iachiwe apendaye? Tena hutuonyesha uchaguzi mkuu wa mwaka 2010. Walioandikishwa walizidi milioni 20, lakini waliopiga kura walikuwa kiasi cha milioni 8.6, yaani hawakufika 43 katika kila 100. Wachache waliwaamulia wengi. Na mgombea ajuaye kwamba maskini hawaji kituoni hatajisumbua kusikiliza shida zao.

Hata hivyo, mfano wa mfereji una kasoro. Mfereji unahitaji mikono. Na mkono uliolazimishwa huchimba udongo uleule unaochimbwa na mkono wenye hiari. Kura haihitaji mkono, inahitaji uamuzi. Kwa kuwa kura ni ya siri, sheria inaweza kumfikisha mtu kwenye kituo, nayo ikaishia hapo. Aliyesukumwa anaweza kutumbukiza karatasi tupu, au kuweka alama mahali popote ili arudi shambani kwake upesi. Je, hapo taifa litakuwa limepata nini zaidi ya hesabu kubwa?

Jambo hili tumekwisha kujifunza kwa njia ya uchungu. Mwaka 1968, katika waraka wake wa Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa kuwalazimisha watu. Lakini mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kulifanywa kuwa amri, na baada ya hapo mamilioni ya watu walihamishwa katika muda mfupi. Nyumba zilikaribiana, na shule na zahanati zikawa karibu na watu. Hayo ni mafanikio, wala hayakanushiki. Lakini moyo wa kulima pamoja, ambao ndio uliokuwa roho ya ujamaa wenyewe, haukuhama pamoja na mizigo. Amri iliweza kuhamisha miili, ikashindwa kuhamisha nia.

Turudi nyuma zaidi. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliitisha uchaguzi wa kura tatu. Mwafrika hakuruhusiwa kuandikishwa ila awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Zaidi ya hayo, kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akimchagua mmoja tu, kura yake yote ilibatilika. Mwezi Januari mwaka huo wajumbe wa TANU walikutana Tabora kujadili kama washiriki au wasusie. Mjadala ulikuwa mkali hata baadhi yao wakajitoa. Mwishowe waliamua kushiriki, na mwezi Septemba Mwalimu mwenyewe alishinda kiti cha Jimbo la Mashariki, ambamo Kilosa ilikuwa mojawapo ya wilaya zake. Tufikiri vizuri hapa. Uamuzi wa Tabora ulikuwa na uzito kwa sababu mlango wa kususia ulikuwa wazi. Laiti kususia kungekuwa kosa la jinai, pasingekuwa na busara ya kusifiwa, bali utii tu. Wahenga walinena kweli: hiari yashinda utumwa.

Tena tuangalie faini ingemwangukia nani. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba za Kilosa na kuikata Reli ya Kati. Maelfu ya watu waliishi katika mahema, na mwaka huohuo ulikuwa wa uchaguzi. Mtu aliyepotewa na nyumba na kadi yake ya kupigia kura, au mfugaji aliyefuata malisho mbali na kituo alikoandikishwa, ndiye ambaye sheria ya lazima ingemkamata kwanza. Tajiri hulipa faini bila kuona uchungu. Maskini huuza kuku.

Huenda mtu akajibu: lakini maskini huyo ndiye anayeihitaji kura kuliko wote. Ni kweli kabisa. Ndiyo sababu lazima ya kwanza haina budi kuwa juu ya dola kabla ya kuwa juu ya raia: kituo kiwe karibu, daftari liwe sahihi, kura ihesabiwe kwa uaminifu, na mgombea awe na jambo la kusema. Mwaka 2015, bila sheria yoyote ya kulazimisha, waliopiga kura walifika 67 katika kila 100. Daftari lilikuwa limeandikishwa upya, na ushindani ulikuwa wa kweli. Watu walikwenda kwa sababu waliona safari yao ina maana.

Lakini ndugu msomaji asidhani kwamba kura ikiwa ya hiari basi si wajibu. Kumwamkia mzee, kumzika jirani, kumpa mgeni maji: hakuna askari anayetushurutisha mambo hayo, wala hatuyaoni kuwa madogo. Wajibu ulio mkubwa kuliko wote ni ule ambao mtu hujidai mwenyewe. Anayekaa nyumbani kwa uvivu amewatwika wenzake mzigo wake. Anayekaa kwa sababu ya dhamiri naye anadaiwa: awaeleze wenzake sababu yake waziwazi, kama walivyofanya watu kule Tabora, wala asijifiche nyuma ya kimya.

Mwanafunzi wa Kilosa au wa Mikumi atatimiza miaka 18 baada ya muda si mrefu. Mwalimu wake hana fimbo ya kumpeleka kituoni, na ni vema asiwe nayo. Anachoweza kumpa ni mazoea ya kufikiri, kuuliza na kusikiliza anayepingana naye. Akiyapata hayo, siku ya uchaguzi ataondoka nyumbani asubuhi pasipo kuitwa.