Mkono Mwepesi Ni Wako

Kila zahanati ina nesi wake mwenye mkono mwepesi. Watu wanamjua. Wanakaa kwenye benchi wakichungulia mlango. Wakisikia sauti yake ndani wanashusha pumzi, wakisikia ya mwenzake wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli sokoni. Tangu utotoni tumeamini mkono mwepesi ni kipaji kama sauti ya kuimba: wengine wamejaliwa, wengine wamenyimwa.

Basi wewe uliyetoka kliniki ya kisukari wiki hii na kichupa cha insulini na pakiti ya mabomba ya sindano, uliyekaa ukingoni mwa kitanda, shati umelipandisha, unajiuliza huyo nesi atafika saa ngapi, nisikilize. Hafiki. Nesi ni wewe. Mimi nilikaa hapo ulipokaa dakika arobaini usiku wangu wa kwanza, mpaka ugali ukawa jiwe, na nakuhakikishia kwamba mkono mwepesi hutengenezwa. Wangu ulianza kama wa fundi anayepigilia misumari.

Usiku ule nilikosea kila kilichoweza kukosewa. Kichupa nilikitoa kwenye friji nikavuta dawa papo hapo. Tumbo nililifuta kwa pamba yenye spiriti, nikachoma bado linang'aa maji. Misuli niliikaza kama mtu anayesubiri ngumi. Kisha nikaisogeza sindano taratibu, taratibu, nikidhani nafanya upole, na ilipoingia nikaisukuma dawa yote kwa kishindo ili balaa liishe. Liliishia wapi? Niliporudi kliniki mwezi uliofuata, nesi mmoja mtu mzima alilitazama tumbo langu lenye madoa ya damu iliyovilia, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "umepigana na nani?"

Alinikalisha. Alichonifundisha kwa robo saa kimenifaa kuliko ujasiri wote niliokuwa nikijilazimisha kuwa nao, ndiyo maana nakuandikia. Hukosi moyo. Moyo unao, ungekuwa huna usingekuwa umeshika hilo bomba. Kilichobaki ni ufundi, na ufundi hujifunzwa hata na mwoga.

Anza na baridi. Insulini ya kutoka friji inauma ikiingia, kama maji ya barafu kwenye jino bovu. Itoe nusu saa kabla, uiache mezani, endelea na mambo yako. Au zungusha kichupa taratibu katikati ya viganja. Ile insulini nyeupe kama maziwa ni lazima uizungushe hivyo hata kama haina baridi, ili ichanganyike. Usiitikise kama chupa ya soda. Kichupa ulichokwisha kukifungua, kwa aina nyingi, kinaweza kukaa nje ya friji kama siku 28 ikiwa chumba hakizidi nyuzi 30, ila soma karatasi ya dawa yako, kwa sababu Dar es Salaam ya Desemba haina adabu na kipimo hicho.

Spiriti nayo iache ikauke. Ikiwa bado mbichi, sindano huiburuta hadi ndani, na ule mwako unaoulaumu kwa insulini mara nyingi ni wa spiriti. Hesabu mpaka ishirini, ngozi ikirudi kuwa kavu ndipo uendelee. Kama ngozi ni safi, yaani umetoka kuoga kwa maji na sabuni, wala huhitaji spiriti.

Kisha kaa. Usisimame umejishika kama askari wa gwaride. Kaa, egemea, legeza tumbo au paja, vuta pumzi na uitoe. Sindano huingia pumzi ikitoka. Wengine hukohoa kidogo wakati wa kuchoma, akili ikaenda kwenye kikohozi badala ya ngozi. Fanya mazoezi kwanza usije ukachoma godoro.

Sasa kitendo chenyewe, na hapa ndipo nilipokuwa nimepindua kila kitu juu chini. Kelele zote ziko kwenye ngozi. Huko ndiko mishipa ya fahamu imejipanga kama wapiga debe kituoni, wakati mafuta yaliyo chini yake ni mtaa mtulivu. Ukisitasita mlangoni, wapiga debe wanakushika kila mmoja upande wake. Ukipita mara moja, kabla hawajageuka umeshafika ndani. Kwa hiyo sindano iende haraka, imenyooka, kwa mkono unaojua unakokwenda. Dawa ndiyo iende polepole. Isukume kwa utulivu, hesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa, hasa ukitumia kalamu ya insulini, halafu itoe sindano kwa njia ileile ya moja kwa moja uliyoingilia.

Ukiwa mwembamba au sindano yako ni ndefu, inua ngozi kwa dole gumba na kidole cha shahada. Iinue kama unavyonyanyua khanga iliyotandikwa kitandani, si kama unavyomfinya mtoto mtundu. Usiiachie mpaka sindano itoke. Na kama unaweza kupata sindano fupi, zitafute. Ngozi ya mtu mzima, awe mnene au mwembamba, ina unene wa kama milimita 2 na ushee, ndiyo maana sindano ya kalamu yenye milimita 4, fupi kuliko punje ya mchele, inafika panapotakiwa bila kugusa msuli. Ukigusa msuli utajua. Unauma, na dawa hukimbilia kwenye damu haraka kuliko ulivyopanga.

Mbinu yangu mwenyewe, ambayo hakuna aliyenifundisha: kabla ya kuchoma naigusisha ncha juu ya ngozi, kidogo tu. Pakilia, nasogea upana wa punje ya maharage. Pakinyamaza, naingia.

Nimekuhimiza upunguze maumivu, sasa nikuonye kuhusu mahali pasipouma kabisa. Baada ya miezi michache nilipata sehemu moja kushoto kwa kitovu ambapo sindano ilikuwa kama haipo. Nilifurahi kama aliyeokota pesa. Nilipachoma asubuhi, mchana, usiku, wiki baada ya wiki. Pakaanza kuvimba, uvimbe laini kama andazi lililoumuka, hauumi, nami nikauona ni rafiki. Wakati huohuo sukari yangu ikawa mwendawazimu: leo 18, kesho 4, chakula kilekile, dozi ileile. Nilimlaumu mpishi, nililaumu kipimo, nililaumu hata mwezi.

Ni uvimbe ule. Insulini ikichomwa sehemu moja mfululizo, mafuta ya hapo hukua na kukakamaa, hisia zinafifia, na dawa inayoingia hukwama na kutoka itakavyo. Ganzi ile ni rushwa: unapewa raha ya sekunde tano, unalipa kwa sukari isiyotabirika. Pitisha viganja tumboni mwako leo usiku, ukiwa umelala chali. Ukikuta andazi, lipumzishe, miezi kadhaa. Lakini kabla hujahama, mwambie daktari wako, kwa sababu kwenye ngozi nzima dozi ileile inaweza kufanya kazi kwa nguvu zaidi na kukushusha sukari vibaya. Pengine atakupunguzia yuniti.

Dawa ya andazi ni kuzunguka. Tumbo ligawe robo nne, kila robo wiki yake, ukiacha upana wa vidole viwili au vitatu kuzunguka kitovu. Ndani ya robo, kila tundu liachane na la jana kwa upana wa kidole. Kuna mapaja kwa mbele na nje, kuna makalio, kuna nyuma ya mkono wa juu kama unapafikia. Ukichoma mara nne kwa siku ni sindano 1,460 kwa mwaka. Shamba ni kubwa, ndugu yangu, usililime tuta moja.

Kuhusu sindano kuukuu najua bei, kwa hiyo sitajifanya sijui. Kanuni ni sindano mpya kila mara. Ncha yake ni nyembamba mno, ya bomba hutoboa kwanza mpira wa kichupa kabla haijafika kwako, na kila safari inazidi kuwa butu na kujikunja. Wengi huifuta kwa spiriti wakidhani wanaitunza, kumbe wanaondoa utando wa silikoni unaoifanya iteleze. Kama mfuko umekubana, usimfiche nesi wako. Mwambie, mpange naye. Lakini ya mwenzako usiiguse, hata awe pacha wako. Zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ile ya sabuni ya maji inafaa, ikijaa ipeleke kituo cha afya. Kuna anayechambua taka kwa mikono mitupu nyuma ya nyumba yako.

Na usiniambie huna friji. Shangazi yangu huko Handeni ana vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga anaoumwagia maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, pembeni kivuli cha mwembe. Insulini yake inakaa humo, imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Hana baridi ya friji, na kwa hiyo, ananitania, hana haja ya kusubiri nusu saa kama watu wa mjini.

Mzazi unayemchoma mtoto, nawe ni wa kundi hili, na mzigo wako mzito kuliko wangu. Usimwambie "haiumi". Mwambie "itauma kidogo kama siafu, halafu inaisha", na umwache achague: paja la kulia au la kushoto? Usimchome akiwa usingizini. Utamfundisha kuogopa kulala.

Na hatukuanza sisi. Mnamo Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza mwenye kisukari kuchomwa insulini. Dozi ya kwanza haikuwa safi, ikamletea madhara mwilini. Siku kumi na mbili baadaye wakamchoma nyingine, iliyosafishwa vizuri zaidi, na sukari yake ikashuka. Waliomfuata walichemsha mabomba ya kioo jikoni na kunoa sindano zao kwenye jiwe, kama vinavyonolewa visu vya kuchinjia. Wakachoma. Kila siku. Naifikiria ile sauti ya chuma kwenye jiwe kila ninapoona uvivu wa kuhesabu mpaka ishirini.

Kwa hiyo inuka. Kitoe kichupa sasa hivi, kiweke mezani karibu na chumvi. Oga. Vaa nguo iliyolegea. Chora tumbo lako kwenye karatasi, robo nne, uweke alama ya leo. Sindano ya kesho itakuwa mbaya kidogo, ya wiki ijayo nafuu, na kuna siku utamaliza halafu ujiulize kama umechoma au bado; siku hiyo itazame karatasi yako kabla ya kurudia.

Kwangu ni saa mbili kasorobo usiku. Kichupa kimeshatoka baridi, wali umepakuliwa, na karatasi inasema leo ni zamu ya paja la kulia.